Maisha ya Socrates, Mwalimu wa Maadili wa Ugiriki ya Kale

Ndugu msomaji, wako watu wachache katika historia ambao hawakuacha nyuma yao kitabu, wala mali, wala ufalme, na hata hivyo majina yao hayakufutika. Mmoja wao ni Socrates wa mji wa Athens, ambaye Waarabu humwita Suqrat. Yeye hakuandika hata ukurasa mmoja. Hakuwa mtawala wala kuhani. Alikuwa mwana wa mchonga mawe, aliyetembea miguu mitupu sokoni akiwauliza watu maswali, na katika uzee wake mji wake mwenyewe ulimhukumu kufa kwa sumu. Tangu siku hiyo imepita miaka zaidi ya 2,400, na bado mtu ye yote anayejifunza elimu ya maadili hupita mlangoni kwake.

Mara kwa mara vijana ninaowafundisha huniuliza ya nini mwanafunzi wa dini kujisumbua na habari za Wagiriki, watu walioabudu miungu mingi. Jibu ni jepesi. Qurani Tukufu yatufundisha kwamba hakuna umma ambao haukupata mwonyaji. Basi mwenye imani hiyo hawezi kudharau hekima kwa sababu imetoka katika nchi ya mbali. Humpasa aitazame, aipime, na achukue lililo jema.

Habari za Socrates zimetufikia hasa kwa njia ya watu watatu walioishi zama zake: Plato, mwanafunzi wake mkubwa, Xenophon, askari na mwandishi, na Aristophanes, mtunga michezo ya kuigiza aliyemfanyia mzaha. Hawa hawakubaliani katika kila jambo, lakini yale makubwa ya maisha yake yanajulikana vyema. Yafaa msomaji akumbuke kwamba miaka nitakayoitaja katika habari za maisha yake yote ni ya kabla ya kuzaliwa Nabii Isa a.s.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Socrates alizaliwa mnamo mwaka 469 katika kitongoji cha Alopece, nje kidogo ya kuta za Athens. Baba yake aliitwa Sophroniscus, naye alikuwa mchonga mawe. Mama yake, Phaenarete, alikuwa mkunga. Baadaye Socrates alipenda kuifananisha kazi yake na kazi ya mama yake. Mkunga hazai yeye. Huwasaidia wengine wazae. Vivyo hivyo yeye hakudai kuwamiminia watu elimu, bali kuwasaidia watoe fikara iliyokuwa ndani yao, na kisha kuitazama kama ni nzima au ni batili.

Alikua katika zama za fahari ya Athens. Wagiriki walikuwa wamewashinda Waajemi miaka michache kabla ya kuzaliwa kwake, na alipokuwa mtu mzima hekalu mashuhuri la Parthenon lilianza kujengwa mwaka 447, chini ya uongozi wa Pericles. Raia wa Athens walikutana wenyewe kutunga sheria na kuamua vita na amani. Lakini tusisahau kwamba uhuru huo ulikuwa wa wanaume raia tu. Wanawake hawakuwa na sauti barazani, na maelfu ya watumwa walifanya kazi majumbani, mashambani na katika machimbo ya fedha.

Kwa sura hakuwa mtu wa kupendeza. Pua yake ilikuwa bapa, macho yake yametokeza, na tumbo lake kubwa. Vazi lake lilikuwa moja kwa kiangazi na kwa baridi. Alioa mke aitwaye Xanthippe, wakapata watoto watatu wa kiume. Wakati huo walikuwako walimu wa kusafiri, kama vile Protagoras na Gorgias, waliotajirika kwa kuwafundisha vijana wa matajiri ufasaha wa kusema. Socrates hakutoza ada hata kidogo, akabaki maskini mpaka kufa kwake.

ASKARI MVUMILIVU

Msomaji asidhani kwamba mtu huyu alikuwa mwenye maneno matupu. Mwaka 431 vilizuka vita virefu baina ya Athens na Sparta, vikaendelea mpaka mwaka 404. Socrates alitumika kama askari wa miguu huko Potidaea, huko Delium mwaka 424, na huko Amphipolis. Katika kambi ya Potidaea, wakati wenzake walipoizungushia miguu yao manyoya kwa ukali wa baridi, yeye alitembea juu ya barafu bila viatu. Siku moja alisimama mahali pamoja tangu asubuhi akitafakari, na watu wakashangaa kumwona amesimama vile vile usiku kucha mpaka jua likachomoza. Ndipo akasali, akaenda zake.

Katika vita hivyo hivyo alimwokoa kijana wa ukoo mkubwa, Alcibiades, aliyekuwa amejeruhiwa. Na majemadari walipotaka kutoa tuzo ya ushujaa, Socrates mwenyewe ndiye aliyehimiza apewe Alcibiades. Kumbuka jina la kijana huyu, kwani litarudi mbele.

KAZI YA KUULIZA

Rafiki yake mmoja, Chaerephon, alikwenda katika hekalu la Delphi, ambako Wagiriki walitafuta majibu ya mambo ya siri, akauliza kama yuko mtu mwenye hekima kumshinda Socrates. Akajibiwa kwamba hayuko. Socrates alipopata habari hiyo hakujivuna, bali alifadhaika, maana alijijua kwamba hana hekima. Akaazimia kulichunguza neno hilo. Akawaendea wanasiasa, akaona wanajidhania kujua wasiyoyajua. Akawaendea washairi, akaona wanasema maneno mazuri wasiyoweza kuyaeleza. Akawaendea mafundi, akaona wanaijua kazi yao kweli kweli, lakini kwa sababu hiyo wanajiona wanajua na mengine makubwa. Mwisho akafahamu kwamba kama amewazidi watu kwa lo lote, ni kwa hili tu: yeye anajua kwamba hajui.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Socrates aliifanya kuuliza kuwa kazi ya maisha. Mathalan, alimwuliza jemadari Laches, aliyekuwa pamoja naye katika kurudi nyuma kwa jeshi huko Delium, ushujaa ni nini. Laches aliona swali hilo ni jepesi: shujaa ni yule asimamaye mahali pake vitani asikimbie. Socrates akamkumbusha kwamba wako wapanda farasi wanaopigana kwa kurudi nyuma, na tena mtu aweza kuwa shujaa baharini, katika maradhi, katika umaskini, na mbele ya tamaa za nafsi yake. Basi Laches akasema ushujaa ni uvumilivu wa moyo. Socrates akauliza kama uvumilivu wa kipumbavu nao ni ushujaa. Jemadari aliyepigana vita vingi akajikuta hawezi kulieleza lile ambalo watu walimsifu kwalo.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba huu ulikuwa mchezo wa kuwaaibisha watu. Yeye aliona hatari iliyofichika hapo. Mtu asiyejua haki ni nini, naye amepewa kiti cha kuhukumu, atawadhuru watu huku akijiona mwema. Kwa hiyo aliwasihi raia wenzake waitunze roho kabla ya mwili na mali. Akashikilia kwamba mtenda dhulma hujidhuru nafsi yake kuliko anavyomdhuru aliyedhulumiwa. Na kwa sababu hiyo si halali kamwe kulipa ubaya kwa ubaya. Katika zama ambazo kila mtu aliamini kwamba uungwana ni kuwafaidia rafiki na kuwaangamiza adui, fundisho hili lilikuwa jambo jipya na zito.

Pia alieleza kwamba tangu utoto wake alikuwa akisikia sauti ya kimungu ndani yake, ambayo ilimzuia kila alipotaka kufanya jambo lisilofaa. Alitimiza ibada za mji wake, lakini alikataa kuamini hadithi zilizosema kwamba miungu hugombana, hudanganyana na kufungana minyororo. Hazrat Mirza Tahir Ahmad, Khalifatul Masih wa Nne, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika kitabu chake kikubwa kuhusu wahyi, akili, elimu na ukweli kilichochapishwa mwaka 1998, aliyatazama mambo haya kwa makini, akaonyesha jinsi mwenendo wa Socrates unavyofanana na mwenendo wa Manabii.

MITIHANI MIWILI

Maneno mazuri husemwa na wengi. Socrates alitiwa katika mizani mara mbili kabla ya kufikishwa mahakamani.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 406. Manowari za Athens zilishinda katika vita vya baharini karibu na visiwa vya Arginusae, lakini tufani ikawazuia majemadari kuwaokoa mabaharia waliokuwa wakizama. Wananchi wakawaka kwa hasira, wakataka majemadari hao wahukumiwe wote pamoja kwa kura moja, jambo ambalo sheria ilikataza. Wakati huo Socrates alikuwa mmoja wa wajumbe waliosimamia mkutano. Watu wakapiga kelele na kutisha, wajumbe wenzake wakaogopa na kulegea. Yeye peke yake alikataa. Majemadari 6 waliuawa, na baadaye watu wa Athens wakajuta kwa tendo hilo.

Mara ya pili ilikuwa baada ya Athens kushindwa vita. Mwaka 404 utawala ulishikwa na watu 30, ambao historia imewaita Madhalimu Thelathini. Waliua watu wapatao 1,500 na kunyang'anya mali zao. Walimwita Socrates na wenzake wanne, wakawaamuru waende kisiwa cha Salamis wamlete mtu aitwaye Leon ili auawe. Wale wanne walikwenda. Socrates alitoka, akarudi nyumbani kwake. Laiti utawala ule usingaliangushwa upesi mwaka uliofuata, huenda angalilipa tendo hilo kwa maisha yake.

Tazama vizuri. Mara ya kwanza aliyemlazimisha alikuwa umati wa watu huru. Mara ya pili walikuwa madhalimu wachache. Kwake haikuwa tofauti. Dhulma haiwi haki kwa sababu imeamriwa na wengi, wala kwa sababu imeamriwa na wenye nguvu.

MASHTAKA NA HUKUMU

Utawala wa wananchi uliporudi mwaka 403, kulitolewa msamaha wa jumla kwa makosa ya siasa yaliyopita. Lakini mioyo ilikuwa bado na majeraha. Alcibiades, yule aliyeokolewa Potidaea, alikuwa ameuasi mji wake na kuwasaidia Sparta. Critias, mkali wa wale Thelathini, naye alikuwa amewahi kufuatana na Socrates. Watu wengi walijiuliza ni mwalimu wa namna gani aliyetoa wanafunzi kama hawa. Tena Aristophanes alikuwa amemchekesha mbele ya umma tangu mwaka 423 katika mchezo uitwao Mawingu, akimwonyesha kama mdanganyifu anayefundisha kuugeuza uongo kuwa kweli.

Mwaka 399 watu watatu, Meletus, Anytus na Lycon, walimshitaki kwamba haiheshimu miungu ya mji, kwamba analeta mambo mapya ya kimungu, na kwamba anawaharibu vijana. Alikuwa na umri wa miaka 70, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mahakamani. Walioketi kumhukumu walikuwa raia wapatao 501 waliopatikana kwa bahati nasibu.

Desturi ya washitakiwa ilikuwa kuwaleta watoto wao walie mbele ya mahakama ili kuamsha huruma. Socrates alikuwa na watoto watatu, wawili wakiwa bado wadogo, wala hakumleta hata mmoja. Alisema wazi kwamba hataacha kazi yake ya kuuliza hata akiahidiwa uhai, kwa kuwa amri ya Mungu imetangulia amri ya watu. Akajifananisha na inzi anayemsumbua farasi mkubwa mvivu ili asilale. Walipohesabu kura alionekana ana hatia, lakini kama kura 30 tu zingalihama upande, angaliachiliwa.

Sheria ilimruhusu aliyehukumiwa kupendekeza adhabu nyingine badala ya ile aliyoitaka mshitaki. Kama angaliomba kuhamishwa nchi, yamkini wangalikubali. Yeye alisema kwanza kwamba anachostahili ni kulishwa kwa gharama ya mji kama walivyolishwa mashujaa wa michezo. Kisha, kwa kusihiwa na rafiki zake akina Plato na Crito waliojitolea kumdhamini, akataja faini. Waamuzi wakakata hukumu ya kifo.

GEREZANI

Wakati ule merikebu takatifu ilikuwa imepelekwa kisiwa cha Delos kwa ibada, na sheria ilikataza mtu kuuawa mpaka irudi. Socrates akakaa gerezani siku zipatazo 30. Crito, rafiki yake wa tangu ujana na mtu wa kitongoji chake, akamjia alfajiri moja na habari kwamba mipango yote ya kutoroka iko tayari: walinzi wamekubali, fedha ipo, na huko Thessaly wako wenyeji wa kumpokea. Akamkumbusha pia watoto wake watakaobaki yatima.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha yake. Socrates aliuliza, kama kawaida yake, si kama kutoroka kunawezekana bali kama ni haki. Ameishi chini ya sheria za Athens miaka 70. Alikuwa huru kuhama akitaka, wala hakuhama. Kwa sheria hizo wazazi wake walioana, naye akalelewa. Je, azivunje leo kwa kuwa zimetumiwa vibaya dhidi yake? Akaona kwamba kufanya hivyo ni kulipa ubaya kwa ubaya, kinyume cha yale aliyoyafundisha siku zote. Akabaki.

Huenda msomaji akaona kwamba mambo haya yanapingana: aliwakaidi Thelathini, na mahakamani alisema hatatii amri ya kunyamaza, na sasa anaitii hukumu isiyo ya haki. Lakini ukifikiri utaona kwamba msingi ni mmoja. Alipoamriwa kutenda dhulma alikataa. Alipotakiwa kuvumilia dhulma alivumilia. Mpaka wake ulikuwa katika mkono wake mwenyewe: usifanye uovu, hata kama wengine wameutenda kwake.

Siku ya mwisho alizungumza na rafiki zake juu ya kudumu kwa roho baada ya kifo. Plato hakuwapo, kwani alikuwa mgonjwa. Jioni Socrates alioga mwenyewe ili kuwapunguzia wanawake taabu ya kuosha maiti, akawaaga watoto wake na watu wa nyumbani. Mtumishi wa gereza aliyekuja kumpa habari kwamba wakati umefika aligeuka akilia. Akanywa kikombe cha sumu iliyotwangwa kutoka katika mmea, akatembea mpaka miguu ikawa mizito, akalala chali. Baridi ikapanda tangu nyayo hata moyoni. Wasia wake wa mwisho ulikuwa Crito asisahau kumtolea jogoo Asclepius, aliyedhaniwa na Wagiriki kuwa mungu wa uponyaji. Kisha Crito akamfumba macho.

ATHARI YAKE KATIKA FIKARA ZA MAADILI

Waliomwua walitaka maswali yake yakome. Kinyume chake, yalienea. Plato aliandika mazungumzo mengi ambamo Socrates ndiye msemaji mkuu, na mnamo mwaka 387 akaanzisha shule yake, Academy. Humo alieleza fadhila nne zilizokuja kuwa mashuhuri: hekima, ushujaa, kiasi na uadilifu. Katika shule hiyo alisoma Aristotle kwa miaka 20. Yeye alimsahihisha Socrates katika jambo moja kubwa. Socrates alishikilia kwamba hakuna atendaye uovu kwa kupenda, na kwamba anayelijua jema kweli kweli atalitenda. Aristotle alisema mambo tunayoyaona sisi sote, kwamba mtu aweza kulijua jema na bado akashindwa na nafsi yake. Kwa hiyo elimu peke yake haitoshi, bali mtu huwa mwema kwa kuzoea kutenda mema, na kwa kushika njia ya kati baina ya kuzidisha na kupunguza. Baada yao wakaja Wastoa, na miongoni mwao Epictetus, mtu aliyezaliwa mtumwa, ambaye alimfanya Socrates kuwa kielelezo cha moyo usioweza kutiwa utumwani.

Katika karne ya tisa baada ya Nabii Isa a.s., maandishi ya Wagiriki yalifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, na Hunayn ibn Ishaq akawa hodari wa wafasiri. Al-Kindi alikusanya mafundisho yaliyosimuliwa juu ya Suqrat. Katika masimulizi ya Kiarabu habari zake zilichanganyika hata na za Mgiriki mwingine, Diogenes, ikasemwa kwamba Suqrat aliishi ndani ya mtungi! Lakini heshima aliyopewa ilikuwa ya kweli. Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, katika kitabu chake Tahdhib al-Akhlaq alizipanga tabia njema chini ya zile fadhila nne, na Imam Ghazali akanufaika na kazi hiyo. Ibn Rushd wa Cordoba alieleza vitabu vya maadili vya Aristotle, na kwa mikono ya Waislamu elimu hiyo ikarudi Ulaya.

Hata katika karne ya ishirini kivuli chake hakikuondoka. Mwaka 1908, akiwa Afrika ya Kusini, Gandhi aliieleza kwa Kigujarati habari ya utetezi wa Socrates, ili awatie moyo Wahindi waliokuwa wakipinga sheria za ubaguzi bila kutumia nguvu. Mwaka 1963 Martin Luther King alimtaja katika barua yake aliyoiandika gerezani huko Birmingham, Marekani.

Hata hivyo si haki kumkweza mtu kupita kiasi. Katika habari zake hatuoni kwamba aliuliza mbele ya umma kwa nini mwanadamu amilikiwe na mwanadamu mwenzake, ingawa watumwa walimpita sokoni kila siku. Aliyewauliza wengine mengi aliacha pia maswali ambayo vizazi vya baadaye viliyauliza.

Basi, ndugu msomaji, wewe na mimi huenda tusisimamishwe kamwe mbele ya waamuzi 501. Lakini mitihani ile miwili ya mwanzo hutujia wengi. Hutujia ofisini, tunapotakiwa kutia sahihi jambo tunalojua si kweli. Hutujia barazani, watu wote wanapomlaumu mtu ambaye hajasikilizwa. Wale wanne walikwenda Salamis, na majina yao ni wachache mno wanaoyajua. Mmoja alikwenda nyumbani. Mwenyezi Mungu atujaalie, siku tutakapoitwa, tuijue njia ya kwenda nyumbani, na atupe nguvu ya kuifuata. Amin.